Saa Zisizo na Mishale

Sisi wa Kighare, katika milima ya Upare, huisoma saa kwa upande wake wa pili. Mshale mfupi ukielekea saba, kinywa husema saa moja. Ukielekea tatu, husema saa tisa. Wageni hudhani tumekosea, na hali uso wa mviringo hutupa hesabu mbili kwa mtazamo mmoja: ya kiwanda, na ya jua, ambalo kwetu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima.

Saa za mkono za namna ya ajabu hunivutia sana. Mwaka 1928 Cartier walitoa saa ambayo uso wake wote ulikuwa bamba la madini lenye vidirisha viwili, kimoja cha saa na kimoja cha dakika. Mwaka 1972 Pulsar ya Hamilton iliuzwa dola 2,100. Uso wake ulikuwa giza tupu mpaka kitufe kibonyezwe, ndipo tarakimu nyekundu ziwake. (Aliyeshika mzigo kwa mkono wa pili alikaa bila kujua wakati!) Ni ufundi wa kusifiwa, lakini tarakimu haina mkabala. Saba ya kidirishani ni saba tu.

Marehemu bibi yangu, ambaye hakusoma shule, alimeza dawa zake kwa kufuata mshale. Mjukuu mmoja akamletea kutoka mjini saa ya tarakimu. Bibi aliivaa kwa adabu mkono wa kushoto, na ile kuukuu ya mishale akaifunga mkono wa kulia. Tabibu alipomwuliza saa ya dawa, alinyosha wa kulia.