Waskoti na Muungano Wao

Katika lugha yetu tuna neno moja, Uingereza, na kwa neno hilo twataja mambo mawili. Mara twataja nchi ya England, yenye mji wa London. Mara twataja ufalme mzima, ambao ndani yake mna nchi nne: England, Uskoti, Wales na Ayalandi ya Kaskazini. Ni kama kuiita nyumba nzima kwa jina la chumba chake kilicho kikubwa. Mtu wa London husikia hayo asione neno. Lakini Mskoti akiitwa Mwingereza hujibu kwa upole kwamba yeye si Mwingereza, ni Mskoti. Wazee wetu wa Kikuyu walilifahamu jambo hili mapema. Pale walipojenga wamisionari wa Kiskoti, waliotoka Kibwezi mwaka 1898, pakaitwa Thogoto, yaani jina la Waskoti katika kinywa cha Mkikuyu. Na mahali hapo paitwa hivyo hata leo.

Nimeona vyema, wasomaji wapenzi, kuandika habari ya watu hawa na shauri lao kubwa, kwa maana swali lao ni swali la watu wote waliounganishwa na mababu zao. Je, wana ruhusa ya kuachana? Na ikiwa wanayo, ni nani aitoaye?

Zamani Uskoti na England zilikuwa falme mbili, zikapigana mara nyingi. Mwaka 1603 Malkia Elizabeth wa England alikufa pasipo mtoto, na mfalme wa Uskoti, James wa Sita, akarithi kiti chake. Tangu hapo mfalme alikuwa mmoja, lakini mabunge yalikuwa mawili. Hali hiyo ilidumu miaka mia na zaidi. Kisha Waskoti wakapata hasara kubwa. Mwaka 1698 walipeleka merikebu Darien, katika shingo ya nchi ya Panama, wakitumaini kufanya koloni la biashara. Homa, njaa na uadui wa Wahispania viliwashinda. Hata kufikia mwaka 1700 jambo lote lilikuwa limekufa, na fedha za watu wengi zimepotea. Tena mwaka 1705 Bunge la England lilitunga sheria ya kuwatisha: wasipokubali kushauriana, watahesabiwa kuwa wageni, na ng'ombe, kitani na makaa yao hayatapokewa England.

Katika dhiki hiyo Bunge la Uskoti lilipiga kura ya kujivunja lenyewe, na tarehe 1 Mei 1707 mabunge mawili yakawa moja, makao yake London. Uskoti ilipewa viti 45 katika baraza la wawakilishi wa watu, na fedha paundi 398,085, ambazo sehemu yake ilikwenda kwa wale waliopoteza mali zao Darien. Kanisa la Uskoti, sheria zake na mahakama zake viliachwa salama. Lakini watu wa kawaida hawakuulizwa. Wa Edinburgh na wa Glasgow walitoka barabarani wakafanya ghasia, wala ghasia zao hazikubadili neno.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu na neno uhuru. Sisi wa Kenya, tulipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, tulitoka chini ya mkono wa watu waliotutawala pasipo mkataba wala kura yetu. Habari ya Waskoti si hiyo. Wao waliingia kwa mapatano, wakashiriki faida. Glasgow ilitajirika kwa tumbaku iliyolimwa na watumwa huko Amerika, kisha kwa merikebu zilizoundwa kando ya mto Clyde. Na miongoni mwa askari, watawala na walowezi waliokuja Afrika walikuwamo Waskoti wengi, kama walivyokuwamo miongoni mwa waganga na walimu. Kwa hiyo Mskoti atakaye kujitenga hadai kutolewa utumwani. Adai kwamba taifa la kale kama lake lastahili kujiamulia mambo yake. Naye asiyetaka kujitenga hakani taifa lake; asema kwamba nyumba hiyo kubwa aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, naye haoni sababu ya kumwachia mwingine.

Chama kidaicho kujitenga, Scottish National Party, kilianzishwa mwaka 1934, na kwa miaka mingi kilikuwa kidogo. Mafuta yalipopatikana chini ya Bahari ya Kaskazini, sauti yake ilikua. Mwaka 1979 watu waliulizwa kama wataka baraza lao wenyewe mjini Edinburgh. Waliokubali walikuwa wengi kuliko waliokataa, yapata 52 katika kila mia ya waliopiga kura. Lakini sheria ilitaka wafikie 40 katika kila mia ya wote walioandikishwa, nao walifika 33 tu. Jambo likaanguka. Mwaka 1997 waliulizwa tena, na 74 katika kila mia wakakubali. Basi mwaka 1999 Bunge la Uskoti likafunguliwa, likapewa shule, hospitali, mahakama na mengineyo. Lakini majeshi, mambo ya nchi za nje, na habari ya muungano wenyewe, vilibaki katika mkono wa London. Neno hilo la mwisho tulikumbuke, maana litarudi.

Mwaka 2011 chama hicho kilipata viti 69 kati ya 129 katika Bunge la Edinburgh. Kiongozi wake, Alex Salmond, alikuwa ameahidi kuwauliza watu; na tarehe 15 Oktoba 2012 yeye na Waziri Mkuu wa London, David Cameron, wakatia sahihi mapatano ya kwamba kura ipigwe, na kila upande uheshimu jibu. Swali likawa fupi: je, Uskoti iwe nchi huru? Na jibu lilikuwa Ndiyo au La.

Watu wa Ndiyo walisema hivi: sisi hupiga kura kwa njia moja, na tukapata serikali kwa njia nyingine. Mwaka 2010 chama cha Cameron kilipata kiti kimoja tu kati ya viti 59 vya Uskoti, naye akawa mtawala wetu. Nyambizi zenye silaha za nyuklia zakaa katika maji yetu ya Faslane, na wengi wetu hatuzitaki. Mafuta yako baharini kwetu. Mtumai cha nduguye hufa maskini.

Watu wa La, walioongozwa na Alistair Darling, ambaye naye alikuwa mbunge wa Edinburgh, walijibu hivi: usiache mbachao kwa msala upitao. Mtatumia fedha gani? Mwezi wa Februari 2014 waziri wa fedha wa London, George Osborne, alisema kwamba Uskoti ikijitenga, haitashirikishwa paundi kwa mapatano. Nani atalipa pensheni za wazee? Na mafuta, bei yake hupanda na kushuka. Jambo hili la mwisho lilionekana upesi: katikati ya mwaka 2014 pipa moja liliuzwa kwa zaidi ya dola 100, na mwanzoni mwa mwaka 2015 lilikuwa chini ya dola 50.

Nilipowafundisha wanafunzi wangu habari hii, niliwagawa makundi mawili, wajadiliane. Kwanza waliuliza ni nani aliyeruhusiwa kupiga kura. Nikawaambia: kila raia wa Uingereza, wa Jumuiya ya Madola au wa Umoja wa Ulaya aliyekaa Uskoti kwa haki, tangu umri wa miaka 16. Walistaajabu, maana Mkenya aishiye Glasgow aliweza kupiga kura, na Mskoti mwenye nyumba yake London hakuweza. Kisha msichana mmoja wa kundi la Ndiyo akasimama, akasema, "Walioweka sahihi mwaka 1707 wamekufa wote. Mtu afungwaje na neno la babu wa babu yake, ambalo hata babu huyo hakuulizwa?" Darasa zima likapiga makofi. Lakini mvulana mmoja wa upande wa pili, ambaye kwa kawaida ni mkimya, akajibu, "Ikiwa neno la babu halimfungi mjukuu, basi na ninyi mkivunja leo, wajukuu wenu watakaotaka kurudi watamgongea nani mlango?" Hapo pakawa kimya. Mimi mwalimu wao niliandika maneno yote mawili ubaoni, nikayaacha hapo mpaka kesho yake, kwa kuwa sikuona la kufuta.

Kura ilipigwa tarehe 18 Septemba 2014. Katika kila watu mia walioandikishwa, karibu 85 walikwenda kupiga. Waliosema La walikuwa 2,001,926, waliosema Ndiyo 1,617,989. Yaani 55 kwa 45. Salmond alikubali kushindwa, akatangaza kwamba atajiuzulu. Jumapili iliyofuata, Kanisa la Uskoti lilifanya ibada ya upatanisho katika kanisa la St Giles, mjini Edinburgh, na viongozi wa pande zote mbili wakaketi humo pamoja. Nalo kanisa lilikuwa halikuchukua upande wowote kabla ya kura, kwa hiyo liliweza kuwakaribisha wote baada yake. Swali kama hili hugawanya nyumba, mume akisema Ndiyo na mke akisema La, na siku ya pili yake chai ni lazima inywewe mezani pale pale.

Laiti habari ingaliishia hapo, tungalisema yamekwisha. Lakini tarehe 23 Juni 2016 ufalme wote uliulizwa kama wataka kubaki katika Umoja wa Ulaya. Waskoti 62 katika kila mia walisema tubaki, na kila wilaya ya Uskoti ilisema hivyo. Lakini ufalme kwa jumla ulisema tutoke, 52 kwa 48. Watu wa Ndiyo wakasema: mwaka 2014 mlituambia tukibaki nanyi tutabaki na Ulaya, basi mambo yamebadilika, tuulizeni tena. Mwaka 2017 Waziri Mkuu Theresa May alijibu kwamba wakati wake haujafika. Na watu wa La wakaongeza: ninyi wenyewe mlisema kura ile ni ya kizazi kimoja, mbona kizazi chenu ni kifupi hivi? Mwishowe serikali ya Edinburgh ikaenda mahakamani, na tarehe 23 Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya London, waamuzi watano kwa kauli moja, ikasema kwamba Bunge la Uskoti halina uwezo wa kuitisha kura hiyo pasipo ruhusa ya London. Hukumu ilisomwa na Lord Reed, naye ni Mskoti.

Hukumu ile ilifuata sheria, lakini haikutuliza mioyo. Naijua kidogo hali hiyo kwa mambo ya nyumbani. Babu yangu aliacha shamba moja chini ya hati moja, kwa wanawe watatu. Baba mdogo ametaka tangu miaka kumi kipande chake kikatwe. Hati iko kwa baba mkubwa. Naye si mtu mbaya. Ajua kwamba kisima ni kimoja na njia ya ng'ombe ni moja, na shamba likikatwa vibaya wote watakosa maji. Kwa hiyo hasemi hapana, husema, "Bado." Lakini neno bado, likisemwa miaka kumi na yule aliyeshika hati, humwingia mwenzake kama hapana. Siku hizi baba mdogo hapandi miti tena katika sehemu yake. Baba yangu, aliye katikati, hutaka mambo mawili tu: wasikate kwa hasira, na isemwe wazi ni lini na kwa njia gani shauri hili litakatwa.

Nyumba ya Waingereza inacho chumba kimoja kilichoandikiwa jambo hilo. Katika mapatano ya mwaka 1998, yaliyokusudiwa kukomesha umwagaji wa damu katika Ayalandi ya Kaskazini, iliandikwa kwamba waziri wa London akiona kuwa yaelekea wengi wa huko wataka kuungana na Ayalandi, yampasa kuwauliza kwa kura; na kura ikipigwa, nyingine isipigwe kabla ya miaka saba. Waweza kuyalaumu maneno hayo kwa kumwachia waziri mengi, lakini mlango umetajwa na ukawekewa desturi. Uskoti haikuandikiwa neno la namna hiyo. Mwaka 2024 chama cha SNP, ambacho mwaka 2019 kilikuwa kimepata viti 48 katika Bunge la London, kilipata 9 tu, na wengine wakadhani shauri limekufa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Viti vya chama vilipungua, lakini swali lenyewe liliendelea kuwagawa Waskoti karibu nusu kwa nusu.

Mimi simfundishi Mskoti jibu lake. Atakayelipa gharama ndiye ajibuye. Ninalosema ni hili. Muungano usio na mlango ni kifungo, hata kama ndani yake mna chakula kingi. Na muungano ambao mlango wake hufunguka kwa kila ugomvi si nyumba, ni kibanda cha njiani. Wanaounganika, wawe watu wawili au mataifa mawili, na waandike mapema, wangali wakipendana, jinsi shauri la kuachana litakavyoulizwa na baada ya muda gani laweza kuulizwa tena. Mapatano hayo ni magumu kuyafanya baadaye, wakati mmoja amekwisha kukasirika na mwingine amekwisha kuushika ufunguo.