Sadaka Kubwa Kanisani, Dada wa Kazi Miezi Mitano Hajaona Mshahara

Binti huyu wa Sinza anajulikana kwa meikapu. Jumamosi maharusi wanapanga foleni, Jumapili anasimama mstari wa soprano kwaya ya vijana. Wateja wake wengi, tuseme ukweli, wanatoka humohumo kanisani, na aliyekuwa akiwaleta ni mama mmoja mlezi wa kwaya. Mama mwenye jina lake. Akipeleka magunia ya mchele kituo cha yatima, picha zinafika mtandaoni kabla mchele haujashuka kwenye gari.

Sasa mama huyo akamuita nyumbani kwake Goba ampambe bintiye kwa ajili ya sendofu. Alipoingia jikoni kuomba maji, dada wa kazi akamuomba simu kwa sauti ya chini. Alitaka kumpigia mama yake Singida. Simu yake imeharibika na hela ya fundi hana, maana mshahara wake bosi "anamtunzia". Elfu 60 kwa mwezi, miezi mitano. Mtoto wa watu ana miaka 19, analala wa mwisho, anaamka wa kwanza, na huko kijijini mama yake anadhani binti kaonja mjini akamsahau.

Hili la "namtunzia" lipo nyumba nyingi. Linasemwa kwa upole, utadhani ni msaada. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimuachi nje dada wa kazi: mshahara ni wake siku ya malipo ikifika, na likizo yenye malipo ni siku 28 kwa mwaka. Na wale wanaosema dini isichanganywe na sheria wafungue Kumbukumbu la Torati sura ya 24, kibarua maskini anatakiwa alipwe siku hiyohiyo, jua halijazama. Miezi mitano ni majua mangapi hayo?

Angeweza kumlipua mtandaoni. Picha za mchele zipo, zingesambaa ndani ya saa moja. Ila usiku huohuo nani angefukuzwa? Si bosi. Kwa hiyo Jumanne akarudi Goba kimyakimya, safari hii na bibi mmoja wa jumuiya ambaye haogopi mtu.

Mama akasikiliza, akacheka kidogo. "Mwanangu, nimekuletea wateja wangapi? Leo unakuja kunihesabia mambo ya jikoni kwangu?"

"Mama, heshima yangu kwako iko palepale," binti akajibu. "Ila hela ni yake."

Wiki hiyo maharusi wawili wakaghairi. Wa tatu akataka arudishiwe kishika uchumba chake, eti amepata mpambaji wa bei nafuu. Na kodi ya fremu haijui habari za injili, mwisho wa mwezi ikagonga mlango kama kawaida.

Baada ya wiki mbili mama akatuma laki 1 na elfu 80. Zilizobaki alikata: sahani zilizovunjika, nauli ya basi ya kumtoa Singida, na gauni la Krismasi ambalo dada aliambiwa ni zawadi. Hapo bibi wa jumuiya akatoa daftari lake. Mwajiri hakati mshahara kwa hasara kienyeji tu, mfanyakazi lazima awe amekubali kwa maandishi, na dada huyu hajawahi kusaini hata karatasi ya risiti. Ikishindikana nyumbani, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayomsikiliza dada wa kazi kama inavyomsikiliza karani wa benki.

Dada amehamia nyumba nyingine, Tabata, na mshahara unaingia kwenye laini yake mwenyewe. Binti wa meikapu bado yupo soprano. Mama mlezi anasalimia mstari mzima akimruka yeye, na bibi kila Jumapili baada ya ibada anamfuata mama hadi kwenye gari na lile daftari. Laki 1 na elfu 20 bado.