Mvuvi Atafika Saa Ngapi?

Msafiri atokaye Kalemie kwenda kusini, akifuata ukingo wa Ziwa Tanganyika, huviona vijiji vingi vya wavuvi vilivyobanwa kati ya milima na maji. Katika kimoja cha vijiji hivyo, kati ya Mpala na Moba, ndipo tulipotumwa kuanza kazi ya ualimu. Tulifika tukiwa na kofia mpya, viatu vyeusi vya ngozi, na kichwa kilichojaa maarifa ya seminari. Ziwa tulilijua vema sana: urefu wake kilometa 670 hivi, kina chake mita 1,470, na mto mmoja tu ulitokao, yaani Lukuga, unaopeleka maji yake mpaka Lualaba. Hayo yote tuliyaandika ubaoni siku ya kwanza. Mtoto mmoja wa darasa letu la tano aliinua mkono akauliza ni nani aliyeshuka chini kupima. Tulimwambia anyamaze.

Mwaka ukaenda hivyo hivyo, sisi tukisema na watoto wakinyamaza, mpaka mwezi wa sita. Wakati huo ni kiangazi; milima inakauka, na upepo wa kusini unalichafua ziwa. Watoto wakaanza kusinzia darasani. Kwa muda wa siku kumi walilala juu ya madaftari kama kwamba tumewaimbia. Kisha wote wakaamka pamoja. Sisi tuliandika katika kitabu cha mahudhurio, mbele ya majina kumi na moja, neno «mvivu». Direkta wetu, mzee mwenye mvi, alikisoma kitabu hicho, akatuuliza kwa upole kama tumepata kuutazama mwezi. Tulimjibu kwamba kalenda ya shule imetundikwa ukutani. Alicheka hata akavua miwani. Kumbe ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, na wana wa wavuvi ndio wanaoshika taa!

Ukaja mtihani wa mwisho. Katika hesabu tuliuliza hivi: «Mvuvi anaondoka saa sita mchana, mwezi wa sita, kwenda kijiji kilicho kusini, mbali kilometa 18. Mtumbwi wake unakwenda kilometa 6 kwa saa. Atafika saa ngapi?» Yule mtoto wa kina cha ziwa aliandika kwa Kifaransa safi kabisa: «Hatafika. Akiwa mvuvi kweli, hataondoka.»

Tulidhani anatudhihaki. Tukachora sifuri kubwa kwa wino mwekundu. Tulipojumlisha maksi zake zote tukapata 48 juu ya 100, naye kwa kupanda darasa alihitaji 50. Jambo hilo halikuwa la kuchekesha, maana baba yake alikuwa amekwisha kutuambia wazi: mtoto akirudia mwaka, atakwenda kwenye nyavu moja kwa moja.

Kabla ya siku ya kusoma matokeo, tuliwapeleka watoto kutembea Mpala, mwendo wa saa tatu kwa miguu, pamoja na mwalimu mwenzetu wa darasa la sita. Pale karibu na mdomo wa mto Lufuko tuliwaeleza jinsi Mbelgiji Émile Storms alivyojenga boma mwaka 1883, na jinsi Mapadri Weupe walivyokabidhiwa mahali hapo mwaka 1885. Tuliwasimulia habari za Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Baba Mtakatifu, aliyefika mwaka 1887 kuwalinda watu na wakamata watumwa, akakaa katika nchi yetu hata kufa kwake mwaka 1927. Mmoja akauliza habari za chifu Lusinga, aliyeuawa na watu wa Storms mwaka 1884, fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Swali hilo lilikuwa zito, lakini kwa mara ya kwanza hatukumwambia mtoto anyamaze.

Ilipofika saa sita mchana, tukakumbuka karatasi zilizobaki kusahihishwa. Tukaazimia kurudi kwa mtumbwi, sisi peke yetu, watoto wafuate kwa miguu.

«Mwalimu, mwanangu,» akasema mzee mwenye mtumbwi, «ngoja kwanza upepo ulale.»

«Baba, kazi inatungoja.»

Aliwatazama wanawe wawili wenye makasia, akasema: «Haya, mpandisheni.»

Watoto hawakuondoka. Walikaa mchangani safu mbili, wametulia kuliko walivyopata kutulia darasani. Hata umbali wa kupigiwa kelele hatukuufikia. Wimbi la kwanza lilijaza viatu, la pili likachukua kofia, na la tatu likatupindua kutazama tulikotoka. Muda si muda tukawa tumeketi mchangani palepale, tukidondoka maji. Hakuna aliyecheka. Yule mtoto alichukua mfuko wetu akauweka kichwani, nasi tukawafuata kwa miguu, viatu mkononi. Walipopita kona ya kwanza, tukasikia kicheko kinapasuka upande wa pili wa mwamba.

Usiku ule tuliitoa tena karatasi yenye sifuri. Asubuhi tukaipeleka kwa Direkta na kumwungamia yote. Alisema: «Maksi za huruma usimpe. Mwite.»

Mtoto akaja. Direkta akalisoma swali, kisha akaongeza: «Tuseme upepo umelala.»

«Saa tisa,» akajibu mara moja. «Lakini, Direkta, upepo ukilala saa sita mchana mwezi huu, mimi ningeogopa zaidi.»

Direkta aligeukia dirisha, mabega yakamtetemeka. Swali lile lilikuwa na maksi 4. Siku ya matokeo baba yake alituletea kikapu cha ndagala wakavu, akatushukuru kwa heshima, kisha akauliza kama viatu vimekauka.