Hariri Iulize Moto

Kwenye minada ya Mbulu na Hanang, kitambaa chochote kinachong'aa ni hariri. "Chukua dada, hariri hii, orijino kabisa," muuzaji anakwambia huku akikunjua sateni ya elfu nne kwa mita. Simwiti mwongo. Sateni ni jina la ufumaji, si la uzi. Zamani ilifumwa kwa hariri; hii ya mnadani ni poliesta, ndugu wa damu wa chupa ya maji ya plastiki.

Hariri yenyewe ni mate ya kiwavi. Anakula majani ya mforosadi, halafu anajizungushia uzi mmoja usiokatika, unaoweza kufika mita 900, mpaka anajifunika mzima. Anauawa kwa joto kabla hajautoboa na kutoka. Watu wa Pwani waliujua uzi huu karne nyingi: wafumaji wa Pate walifumua vitambaa vya hariri vilivyotoka ng'ambo, wakaufuma upya uzi wake kwa mitindo yao. Na huko Mwingi, Kenya, watu huokota vifuko vya nondo wa porini kwenye migunga, wakapata hariri yao wenyewe.

Huku kwetu milimani, fahari ya bibi harusi wa Kiiraqw ilikuwa sketi ya ngozi iliyopambwa kwa shanga. Nyumbani ipo moja, bibi aliachiwa na mama yake. Tulipokuwa tukiandaa harusi ya binamu yangu, mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Arusha akaitolea bei. Pesa ile ingelipia shela, na keki juu.

"Iuzwe tu," mama mdogo akasema. "Nani atavaa ngozi zama hizi?"

Aibu hiyo haikuota yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni mkoani Arusha kuwavua Wamasai mavazi yao ya asili, eti ni dalili ya kubaki nyuma. Wakati huo sisi nasi tulikuwa mkoa huohuo. Manyara ilizaliwa 2002. Hata ambaye hakuguswa alisikia ujumbe: ngozi ni ushamba, kitambaa ni maendeleo.

Fundi aliyekuja kupima shela ndiye aliyenifundisha dawa. "Dada, ukitaka kuijua hariri, iulize moto." Akachomoa uzi kwenye sateni, akawasha kiberiti. Uzi ukayeyuka, ukajikunja kuwa tone jeusi gumu. Nikampa uzi wa skafu yangu ya hariri. Huo ulinuka kama nywele zilizoungua, ukasagika majivu kati ya vidole. Nikamwomba bibi kipande kidogo cha ukingo wa sketi, pale palipokwisha kuchanika. Akasita, kisha akakata mwenyewe kwa wembe. Harufu ikawa ileile ya nywele.

Si uchawi. Hariri na ngozi zote ni protini, zote zimetoka kwenye mwili wa kiumbe. Ukiufuata moto, ndugu wa hariri pale sebuleni ilikuwa sketi tuliyokuwa tukiionea aibu, na sateni ndiyo iliyokuwa mgeni.

Bibi alinusa, akacheka. "Kumbe matajiri nao wanavaa mnyama."

Siichukii sateni. Imewapa mabinti wa vijijini siku moja ya kung'aa kwa pesa wanayoweza kuipata, na binamu yangu alipendeza ndani yake. Ila thamani ya hariri haiko kwenye kung'aa. Iko kwenye uhai ulioingia ndani yake: wa kiwavi, na wa siku za mtu aliyekaa akivuta uzi usikatike. Ng'ombe na mama mzaa bibi, aliyepanga shanga moja baada ya nyingine, nao walilipa hivyohivyo.

Mnunuzi alirudi baada ya harusi, na bei ya juu zaidi. "Shikamoo bibi," akasema. Bibi akaitikia, akamkaribisha chai, wakaongea habari za mvua mpaka jua likazama.