Maji Yashukayo Kutoka Msituni



Vijana wetu, wakiisha kupata kibali, watapiga kambi kando ya kijito mlimani. Wameniuliza wabebe nini. Nimewajibu: jembe na gunia.

Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959, hunasa mvua na ukungu, ukazilisha chemchemi za Karatu. Nimeitembea njia ya maporomoko ya Endoro, nikayatazama maji yakishuka upande wetu. Sabuni imwagwayo kijitoni leo, kesho yaweza kuwamo ndooni mwa mama asiyewajua waliopiga kambi.

Basi choo kichimbwe hatua 80 kutoka majini, kina cha sentimita 15 hadi 20, kisha kifukiwe. Vyombo vioshwe mbali na kijito. Chakula kisilale hemani, maana fisi na tembo hunusa. Moto umwagiwe maji hata majivu yashikike kwa mkono. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini chupa zingali zikitupwa. Hizo ndizo za gunia.

Jembe huficha kilicho chetu, gunia hukirudisha nyumbani. Aliye bondeni anywe bila kujua kwamba tulilala huko.