504 Haijafa, Imelala Tu

Mabeshte walisema niipeleke skrepa. Peugeot 504, imelala kwa shamba la shosho mmoja huko Njoro miaka kumi na tatu, kuku wametaga ndani. Nikainunua na pesa niliyokuwa nimewekea Vitz.

Wasee, hii gari ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Wazazi wetu wamebebwa nayo Nakuru hadi Nairobi wakiwa wamebanana.

Fundi hakugusa ufunguo kwanza. Alimwaga petroli iliyooza, akatoa plagi, akatia oili kidogo kwa silinda, akaacha ilowe, kisha akazungusha injini kwa mkono polepole. Ukikimbilia stata, ringi zenye kutu zinakwaruza silinda, na hapo umeiua wewe mwenyewe. Ndiyo akaosha kabureta na kubadilisha mipira yote ya breki.

Ilipowaka nikampigia shosho, nikaweka simu karibu na injini. Alinyamaza sana. Halafu akasema, "Hivyo ndivyo mzee wangu alikuwa anafika nyumbani."

Vitz ningepata popote. Kwenu nyuma ya nyumba kuna nini kimelala? Itaneni fundi kabla mtu wa skrepa afike.