Pujini: Nani Aliyebeba Mawe?

Pemba haina mlima wa kumtisha mtu. Ina vilima tu, kimoja baada ya kingine, na ukitoka Chake Chake kwenda Pujini, mwendo wa kama kilomita 10, unapanda na kushuka katikati ya mikarafuu. Nilikwenda kwa bodaboda, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia, harufu imejaa kote.

Nilikuwa namfuata babu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alizaliwa upande huo akaolewa Tanga. Mpaka anafariki alikuwa akituambia: "Nyinyi si watu wa hivi hivi. Nyinyi wa Mkama Ndume." Huyo ndiye mtawala anayetajwa kuwa mwenye ngome ya Pujini, yapata karne ya 15. Kwenye arusi zetu, hata kwenye misiba, jina lile halikosekani.

Usitegemee kasri. Kuna matuta ya udongo yaliyozunguka eneo, vipande vya kuta, magugu, na ngazi za kushuka kwenye chumba cha chini ya ardhi. Humo wanaakiolojia walikuta umbo la siwa kwenye chokaa ya ukuta. Siwa, ile baragumu ya wakubwa. Kuna na kisima ambacho, kwa masimulizi, kilijengewa ukuta katikati ili wake wawili wa bwana wateke maji bila kuonana. Nilicheka peke yangu.

Mzee mmoja wa hapo akanipokea. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kisa ambacho hata bibi alikuwa akitupa: Mkama Ndume aliwalazimisha watu wasogeze mawe ya ujenzi huku wamekaa kitako, wakijikokota chini. Utotoni tulikuwa tunaigiza sebuleni, tunavunjika mbavu.

"Mimi ni wa ukoo wake, babu," nikasema.

Akaniangalia. "Mjukuu wangu, kila anayekuja hapa ni wa ukoo wake. Kwani wale wakokota mawe walikufa wote bila kuzaa?"

Sikuwa na jibu. Mtawala alikuwa mmoja. Waliojikokota walikuwa wangapi? Hata hesabu ya shule ya msingi inatosha. Nikakumbuka vidole vya bibi, vilivyokakamaa tangu uchumaji karafuu wa usichana wake. Hakuwahi kutusimulia habari za vidole vile. Alitusimulia ngome. Labda mtu aliyechoka sana humpa mjukuu wake kitu cha kujivunia, hata kama ni mali ya aliyemchosha.

Usiku nikampigia mama, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Usije ukamwambia mjomba wako."

Sijamwambia. Nimewaambia nyinyi.